Neno Nililowasingizia Watu wa Kilwa

Mpendwa Anti Selina,

Kwa umri wangu wewe ndiye ungenipa shikamoo, lakini leo mwenye shida ni mimi, kwa hiyo nakusalimu kwa unyenyekevu na kukuomba unisome hadi mwisho, kwa sababu barua hii nimeiandika kwa siku tatu, mjukuu wangu akichungulia chumbani kila mara kuuliza kama nimekunywa dawa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nina miaka themanini na mbili, naishi Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Moyo wangu umechoka. Daktari wangu wa Upanga, kijana mpole, hakunitajia siku, ila safari iliyopita aliniandikia dawa za miezi miwili na hakunipangia kliniki nyingine, akasema tu, "Mzee, ukijisikia vibaya, wewe njoo." Nimefundisha sarufi miaka thelathini na moja. Sentensi iliyokatwa katikati naijua nikiisikia.

Sina malalamiko. Nimeoa mke mwema, nimezika mke mwema, watoto wamesoma na wananipigia simu bila kukumbushwa. Ninalotaka kulitua kabla sijaondoka ni jambo moja, nalo ni neno, neno moja la Kiswahili.

Mimi ni Mchaga wa Machame. Mwaka 1969 nilipangiwa shule moja ya msingi hapa Kariakoo, nifundishe Kiswahili darasa la sita, na wewe hebu fikiria, kijana wa miaka ishirini na saba aliyekipata Kiswahili kwenye vitabu, anasimama mbele ya watoto waliokinyonya kwa mama zao, na kila nikifungua mdomo kuna kicheko benchi la nyuma, na jina la Mwalimu Ndizi walikuwa wameshanipa kabla sijamaliza wiki ya kwanza. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu nasoma kamusi kama mtu anayejiandaa kwenda vitani.

Mtihani wa muhula ulipofika nilikata stensili mwenyewe kwa taipu ya ofisi. Kwenye hadithi ya ufahamu nilikusudia kuandika "wageni wakaagana mlangoni." Vidole vikanasa kati ya kuagana na kugandana, nikaandika "wageni wakaagandana mlangoni," sikuona, tukadurufu karatasi arobaini na tano zote na kosa lile lile. Nimeshaanza kuzunguka darasani mikono nyuma, mtoto mmoja, Abdulatif, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, kuagandana ndiyo nini?"

Ningesema "nimekosea, futeni," ingekuwa imekwisha hapo hapo na leo nisingekusumbua. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, na benchi la nyuma walikuwa wameshaanza kutazamana, nikajisikia nasema, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba kuagandana ni kuagana na mtu halafu msiachane, mikono mmeshapeana, kwaheri mmeshasema, lakini mmesimama mlangoni mnaongea kana kwamba ndiyo kwanza mmefika. "Ni Kiswahili cha kale," nikasema. "Kinasemwa Kilwa."

Anti, mimi Kilwa sijafika mpaka leo.

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zake. Abdulatif hakuketi. "Mwalimu, mama yangu ni wa Kilwa. Kwetu hatusemi hivyo." Darasa zima likaangua kicheko, nami, badala ya kushukuru kwamba nina mwanafunzi mkweli, nikamwamuru aandike mara hamsini, "Kuagandana ni neno la Kilwa." Akaandika. Mwandiko mzuri, mstari kwa mstari.

Kesho yake mama yake akaja. Alikuwa muuza maandazi, mama wa adabu sana, alisimama nje ya dirisha la ofisi hadi nikamwita. "Mwalimu, samahani," akasema, "mimi nimezaliwa Kilwa Kivinje, mama yangu na bibi yangu vilevile. Hili neno la mwanangu silijui. Nimekuja tu kuuliza, isije ikawa mtoto kasikia vibaya." Nikamjibu kwamba pengine aliondoka Kilwa akiwa mdogo, maneno mengine yakampita. Alikuwa ameondoka kwao akiwa ameshaolewa! Alinitazama kidogo, akasema, "Haya Mwalimu, ninyi ndio mliosoma," akajifunga khanga vizuri, akaondoka.

Baada ya hapo ningelirudishaje? Nikalishikilia. Nililifundisha kila mwaka, na ajabu yake, watoto walilipenda, wakalipeleka majumbani, kwa sababu kila nyumba ya Kariakoo ina watu wa kuagandana na hakuna aliyekuwa na jina la kuwaitia. Siku hizi nikikaa dirishani namsikia Mama Fatuma wa duka la vitenge akiwapigia wateja kelele, "Nyie wawili, kama mmeagana, ondokeni! Mnaagandana hapo mnaniziba mlango!" Marehemu mke wangu peke yake ndiye aliyeujua ukweli, na kila wageni wetu walipokataa kuondoka alikuwa akininong'oneza, "Muone, Mkilwa mwenzio anakufuata."

Sasa nije kwa mjukuu wangu, Caroline. Ana miaka ishirini na minne, shahada yake ni ya Kiswahili, na mimi ndiye niliyemtia ugonjwa huo. Amepata nafasi ya kwenda chuo kimoja Marekani kuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Anaondoka tarehe tisa mwezi ujao. Nyumba yetu imekuwa kama stoo: khanga za kufundishia, kadi za picha alizochora mwenyewe, kawa, mbuzi ya nazi ambayo nimemwambia mara tatu polisi wa uwanja wa ndege wataitazama kwa jicho baya. Juzi alikwenda kwenye mitumba ya Mchikichini kutafuta koti la baridi, akarudi nalo, kubwa, la bluu, akalivaa sebuleni jasho likimtoka.

"Babu, unajua muuzaji kaniambiaje? 'Dada, hili koti limetoka hukohuko. Unalirudisha kwao likasalimie ndugu zake!'"

Nilicheka hadi akanishika mgongo.

Lakini nafasi hiyo aliiombaje? Waombaji walitakiwa kutuma video ya dakika kumi wakifundisha. Caroline akafundisha neno kuagandana. Sikujua hadi alipokwisha kuituma. Alilionyesha hapa hapa kwenye ngazi zetu, Mama Fatuma akiigiza mgeni asiyeondoka, kachekesha kweli, na mwishoni akamleta shahidi kutoka mtaa wa Gerezani, muuza vipuri vya magari, mzee wa miaka sitini na saba mwenye asili ya Kilwa. Abdulatif. Yule yule. Hajawahi kunikosea adabu hata siku moja. Kila Idi huniletea pilau. Ndani ya video anasema, anatabasamu, "Hili ni neno letu la Kilwa. Mama yangu alikuwa halijui, Mungu amrehemu, alilisahau tu. Mwalimu ndiye aliyeturudishia."

Anti, niliomba video izimwe, nikasingizia kichwa.

Wiki iliyopita Caroline alikuja mbio na simu mkononi. "Babu, yaani profesa amelipenda lile neno letu kinoma! Anasema ndilo litakalokuwa somo langu la kwanza, halafu anataka kuliingiza kwenye kitabu cha msamiati cha wanafunzi. Anaomba kitu kimoja tu, nikurekodi sauti, useme wewe ulilisikia Kilwa kwa nani, mwaka gani. Dakika mbili tu, Babu."

Nikashika kifua, nikasema pumzi imenibana. Haikuwa imenibana. Mtoto wa watu akakimbilia dawa machozi yakimlenga, na tangu siku hiyo anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila nikimtazama namuona amesimama mbele ya wanafunzi wa kigeni, na jina lake chini ya uongo wangu.

Nikisema, ninaogopa mambo matatu yaliyofungana: kwamba watamnyang'anya nafasi, kwamba ataanza kujiuliza Kiswahili changu kingine chote kina kweli kiasi gani, na kwamba ataondoka hapa akiwa amenikasirikia, nami sina uhakika kama nitakuwepo atakaporudi. Nikinyamaza, nitakufa mwalimu wa kuheshimiwa, naye atabaki anaufundisha uongo wangu. Nimefikiria pia kumwachia barua, aisome nikishazikwa. Naomba uniambie lililo sawa. Majina nimeyaandika kama yalivyo, kwa sababu nimechoka kubuni. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha.

Mwalimu Mstaafu,
Kariakoo.

*

Anti Selina anajibu:

Shikamoo Mwalimu.

Acha kwanza nicheke, halafu nikugombeze, maana nikianza kugomba kabla ya kucheka nitakuwa mnafiki. Bila kutaja jina lako niliwauliza wenzangu hapa chumba cha habari kama wanalijua neno kuagandana. Tulikuwa saba. Watatu walilijua. Mmoja kalipata kwa mama yake aliyesoma Kariakoo, mwingine kwa dereva wa bajaji, na wa tatu, mhariri wangu mwenyewe, akaapa kwamba ni neno la Mafia na bibi yake alikuwa akilitumia tangu enzi za Mjerumani. Bibi yake, Mwalimu! Umewaongezea watu hata mababu.

Kwa hiyo neno lenyewe liache. Lina maana, lina watumiaji, linanyambulika vizuri, na hulimiliki tena. Mtu kukosea taipu si dhambi, na kuzua neno si dhambi. Unalilia mahali pasipouma.

Panapouma umepaandika mwenyewe, mistari michache, kisha ukapapita haraka. Mama mmoja aliacha maandazi yake, akaja hadi dirishani kwako kwa adabu, akakuambia ukweli, nawe ukamnyang'anya lugha ya kwao. Na mtoto wake, kwa sababu alikupenda, amebeba kauli yako miaka hamsini na kitu hadi anasema mbele ya kamera kwamba mama yake alisahau. Hakusahau kitu. Yeye ndiye pekee aliyekuwa sahihi siku ile, pamoja na mwanawe. Wewe ulikuwa kijana mwenye hofu ya kuchekwa, na hofu hiyo naielewa, nimeishi nayo mimi mtoto wa Bukoba ninayeandika kwenye gazeti la Dar. Lakini hofu ya mwaka 1969 ilikwisha. Ulistaafu ukiwa mwalimu anayeletewa pilau. Miaka yote hiyo ulikuwa unamwogopa nani?

Haya, nisikilize sasa.

Barua ya kusomwa baada ya maziko, ichane. Hiyo si toba, hiyo ni kukimbia. Caroline atakuwa na maswali mia na hakuna wa kumjibu, tena atakuwa ugenini, baridi kali, anasoma peke yake. Usimfanyie hivyo.

Usimwambie ukiwa umelala kitandani umeshika kifua. Umeshakitumia kifua hicho mara moja na umemtisha mtoto. Oga, vaa shati, kaa kwenye kiti cha sebuleni, umwite kama ulivyokuwa ukiita mwanafunzi ofisini, umwambie kwanza kwamba siku ile pumzi haikubana. Anza na hilo, kwa sababu ndilo linalomtesa sasa hivi. Kisha mpe mengine yote, hadi dirisha la ofisi na maneno ya yule mama. Usijitetee. Ukifika kwenye taipu atacheka, mwache acheke. Ukifika kwa mama yake Abdulatif hatacheka, mwache pia. Akikasirika, ana haki, na hasira ya mjukuu wa miaka ishirini na minne aliyekuandalia dawa asubuhi na jioni haiwezi kudumu hadi tarehe tisa. Kama itadumu, itakuwa imedumu kwa haki, na bado utakuwa umefanya lililo sawa.

Unauliza kama watamnyang'anya nafasi. Sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Ninachojua ni kwamba hawakumchagua kwa ajili ya Kilwa. Walimchagua kwa sababu aliweza kumfanya muuza vitenge afundishe kitenzi kwenye ngazi. Profesa akipata habari sasa, Caroline akiwa bado anafunga mizigo, ni mwalimu kijana aliyefanyia utafiti neno lake akagundua kosa. Akizipata mwakani kwa mtu mwingine, kitabu kikiwa kimeshachapishwa, ni msichana aliyedanganya. Chagua wewe mjukuu wako awe yupi. Na barua ya kwenda kwa profesa aiandike Caroline mwenyewe, kwa namna anayoona inafaa. Ni kazi yake, si yako. Usimsahihishe hata koma.

Kuhusu Kiswahili chako kingine chote: mpe ruhusa akihoji. Afungue kamusi, akuulize, akupinge. Mtu anayekwenda kufundisha watu wazima lugha yake anahitaji kujua kwamba hata babu anaweza kusema "sijui." Nadhani hilo hukuwahi kumfundisha. Una wiki chache, zinatosha.

Baada ya Caroline, Abdulatif. Usimpigie simu, wala usisubiri Idi. Chukueni bajaji hadi Gerezani, Caroline akushike mkono, ukae kwenye benchi la duka lake katikati ya vipuri na useme mbele yake na mbele ya yeyote aliyepo pale: "Mama yako alikuwa sahihi. Mimi nilisema uongo, na wewe nilikuadhibu kwa kusema kweli." Maneno hayo hayo, usiyapambe kwa fasihi. Yeye ndiye wa kuamua kama ile sehemu yake ya video ifutwe au airekodi upya. Na akitaka kukuambia neno zito, lipokee. Amelidai tangu darasa la sita.

Ukirudi nyumbani, ile rekodi ya profesa ifanye. Dakika mbili zinatosha. Taja jina lako, mwaka, taipu, na jina la mama aliyekuja dirishani. Katika barua yote hukulitaja. Kama umelisahau, muulize mwanawe, kwa sababu jina hilo ndilo linalostahili kusomwa na wanafunzi kule, kuliko la Kilwa na kuliko lako.

Sasa neno la mwisho, na hili si ombi. Majina ya watu nimeyabadilisha yote. Neno kuagandana nimeshindwa kulibadilisha, maana bila hilo hakuna barua, na Kariakoo yote itajua ni nani. Nadhani ulilijua hilo wakati unalamba bahasha. Majibu haya nimekusomea kwa simu leo Jumanne, nawe umeniambia umesikia. Ukurasa unatoka Jumamosi asubuhi, na Mama Fatuma wako, nasikia, hununua gazeti letu kila wiki na kulisoma kwa sauti. Una Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, Mwalimu. Caroline alisikie kwako.